Medali ya Shingoni

Jumapili, 14 Septemba

Mawingu mazito kutoka magharibi. Kipima mvua cha bustanini kina milimita tatu. Dada yangu Loveday amenunua mashine ya kutafuta metali ardhini, naye ana umri wa miaka sabini na mitatu. Nilimuuliza kama hakuona kazi nyingine inayofaa zaidi. Kwa mfano, kufuma.

"Kaka Ambrose," alisema, "sweta nimekufumia kumi na moja, na huvai hata moja."

Hilo ni kweli, lakini halikuwa jibu la swali.

Alipoinamisha kichwa kuvaa visikilizio vya mashine, niliona uvimbe upande wa kushoto wa shingo yake, chini ya sikio, mkubwa kama yai la kware. Alisema ameumwa na mdudu. Nilimwambia aende kwa daktari, nikarudi kwenye gazeti langu. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kujua umesema nini.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua nyepesi. Nilimpeleka kwa Dkt. Mistry, nikamsubiri garini. Amepewa rufaa ya haraka ya kwenda hospitali ya mjini.

"Amesema huenda si kitu," Loveday aliniambia aliporudi.

"Alisema 'huenda si kitu' au alisema 'si kitu'? Hayo hayafanani."

Alifungua dirisha, akatazama ng'ombe wa watu njia nzima.

Mama yetu aliingia katika hospitali hiyo kwa sababu ya uvimbe. Aliingia kwa miguu yake, amevaa kofia yake ya kanisani, akatuambia tusisahau kuwalisha kuku. Hakutoka. Loveday alikuwa na miaka kumi na miwili, nami nilikuwa na ishirini. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, na sioni kwa nini tuanze sasa.

Jumamosi, 20 Septemba

Jua. Mkulima Clem Hallett amekiruhusu chama cha watafutaji wa metali, ambacho Loveday amejiunga nacho, kupita katika shamba lake la mlimani kabla hajapanda ngano. Loveday aliondoka na mkate na jibini, akarudi saa kumi, matope mpaka magotini, amekunja ngumi kama mtoto aliyekamata panzi.

Alikifungua kiganja juu ya gazeti kando ya sinki. Kilikuwa kipande chembamba cha dhahabu, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kuna meli yenye matanga. Upande wa pili malaika anamchoma joka kwa mkuki. Karibu na ukingo, juu ya kichwa cha malaika, kuna tundu.

Tayari alikuwa ameshika mswaki na dawa ya meno. Nilimnyang'anya. Hata mimi, nisiyejua lolote kuhusu vitu hivi, najua kwamba kitu cha kale hakisuguliwi.

"Denzil anasema hakina maana," alisema. Denzil Coombes ndiye mwenyekiti wa chama chao. Zamani alikuwa tarishi wetu wa barua, na kila mtu kwake ni kipenzi, hata kasisi. "Alikigeuza, akakisikitikia, akaniambia, 'Kipenzi, kingekuwa kizima ningekupigia magoti hapa hapa matopeni. Tundu limekiua. Tia kwenye kopo la takataka.'"

Ndivyo walivyo watafutaji hawa. Sarafu ikiwa na tundu, kwao ni maiti. Wana kopo zima la sarafu za namna hiyo katika ukumbi wa kijiji, nao huwapa watoto wachezee.

Maandishi ya ukingoni ni Kilatini, lugha niliyoifundisha maisha yangu yote. Upande wa malaika unampa Mungu peke yake utukufu. Upande wa meli unamtaja mfalme Charles wa Pili, wa karne ya kumi na saba. Hapo ndipo nilipotatizika. Sikumbuki kwamba mfalme huyo aliwahi kutoa fedha yenye malaika. Nilimwambia nitakwenda kutazama vitabu.

Loveday hakusubiri vitabu. Alipitisha uzi wa sufu wa kijani katika tundu, akakivaa. Kimelala karibu na uvimbe.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna jambo.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua. Leo Loveday alikuwa na miadi hospitalini. Denzil alikuwa anakwenda mjini, akampa nafasi garini. Nilisema ningeweza kumpeleka mimi.

"Wewe ukikaa kwenye foleni yao utasahihisha mabango yote ya ukutani," alisema. "Baki na mvua yako."

Alirudi kwa basi saa tisa. Amesema wametazama, hawakusema mengi, watamwita tena. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu. Hapa bondeni matope yetu ni meusi. Sikuuliza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimekwenda maktaba ya mjini. Ningependa kuandika kwamba sikwenda.

Kitabu kilikuwa kikubwa, cha medali za wafalme na malkia wetu, chenye picha. Nilifungua sehemu ya Charles wa Pili nikitarajia kutafuta kwa saa nzima. Kipande chetu kilikuwa kwenye ukurasa wa tatu: meli, malaika, joka. Na tundu. Kila medali iliyopigwa picha pale ilikuwa na tundu mahali pale pale.

Si sarafu iliyoharibiwa. Ilitobolewa siku ilipotengenezwa, kwa sababu ilitengenezwa ili ivaliwe shingoni mwa mgonjwa.

Zamani hizo watu wa nchi hii waliamini kwamba mkono wa mfalme unaponya ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe ulikuwa uvimbe wa tezi za shingo. Wagonjwa walikuja kutoka kila jimbo. Madaktari wa mfalme waliwakagua kwanza, ili asiingie mtu kwa ajili ya dhahabu tu. Kisha mgonjwa alipiga magoti, na wakati kasisi anasoma, mfalme aliipapasa shingo yake kwa mikono yote miwili. Waliporudi mara ya pili, aliwavika medali hii kwa utepe mweupe. Waliambiwa wasiivue. Wengi waliamini kwamba wakiivua, uvimbe utarudi.

Nilikaa pale mpaka mwili ukaingia baridi. Niliwaza shingo moja tu.

Kitabu kina pia ukurasa wa sheria. Sarafu moja ya dhahabu mtu anaweza kubaki nayo. Medali ya dhahabu yenye umri huu ni hazina, na anayeitambua hana budi kumwarifu afisa wa vitu vya kale katika muda wa wiki mbili. Kabla ya leo asubuhi hatukuwa na kosa. Sasa najua, na anayejua ana wajibu.

Lakini nikiarifu, Loveday atajua ni nini. Juzi tu alisema, huku akikishika kipande chake, kwamba tangu akivae shingo imekuwa nyepesi. Alisema hivyo bila kujua chochote. Akijua, je? Atakaa nyumbani na malaika wake, na uvimbe utaendelea kufanya kazi yake. Dada yangu si mjinga. Ila namjua mtu anavyoweza kushikilia kitu akiwa na hofu, maana mimi mwenyewe nilishikilia ile kofia ya Mama kwa miaka sita.

Alikuwa anamenya viazi niliporudi.

"Haya, Mwalimu Mkuu. Umekipata?"

"Ni pambo," nilisema. "Kidani cha mtoto."

"Basi nimepata saizi yangu," alisema, akaendelea na viazi.

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisema neno nikijua kuwa si kweli. Lilitoka laini sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mto umetoka nje ya kingo zake upande wa malisho. Uvimbe sasa unaonekana hata akifunga skafu. Nimejizoeza kumtazama machoni tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua. Kanisani alikuwa anaimba huku vidole vyake viko kwenye uzi wa kijani.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ilikatika kwa saa moja, nikaenda kununua jemu ya machungwa. Clem Hallett alinikuta nje ya duka. Ni mtu mpana, anasimama karibu mno.

"Mwalimu, ile dhahabu ya dada'ako mmesema ni nini? Denzil anasema takataka. Lakini dhahabu ni dhahabu, na shamba ni langu."

"Pambo la mtoto," nilisema.

Alinitazama chini ya kofia yake. Nilimfundisha darasa la pili la sekondari, mvulana mvivu, mwenye macho haya haya.

"Unakumbuka uliwahi kunichapa?" aliuliza. "Nilisema mbwa amekula daftari. Ukaniambia, 'Hallett, mtu akidanganya anatazama viatu vyake.'" Alicheka, akanipiga begani. "Viatu vizuri, Mwalimu."

Nilirudi bila jemu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua. Muda wa sheria umekwisha leo.

Jumanne, 21 Oktoba

Maji yamefika kwenye ua wa nyuma wa jirani. Kipima mvua nilikimwaga mara mbili.

Simu ya nyumbani ililia saa nne. Loveday alikuwa ametoka na mashine yake, katika hali hii ya hewa, akisema udongo uliolowa husikika vizuri zaidi. Mwanamke wa hospitali alitaka kuzungumza na Bi Loveday Pettifer. Nilisema mimi ni kaka yake.

"Tunauliza tu kama yuko salama," alisema. "Hakufika tarehe thelathini, na wiki iliyopita tulimpa miadi mingine, hakufika tena. Daktari hapendi tuendelee kusubiri. Unanielewa, bwana?"

Nilisema nimemwelewa. Nilimwelewa vizuri zaidi kuliko alivyodhani.

Nilikaa kwenye ngazi. Nimemficha jina la medali ili aende hospitali, naye hakwenda. Hakwenda wakati alipodhani kwamba amevaa kidani cha mtoto. Basi si medali iliyomzuia. Ni kitu kingine, nacho kilikuwa humu nyumbani kabla ya medali.

Alirudi akiwa na vifungo vitatu vya suruali na risasi moja ya kuwindia, akaniuliza kama kuna mtu aliyepiga simu. Nilisema hakuna.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika haya asubuhi ya Ijumaa.

Jana jioni ulikuwa mkutano wa chama katika ukumbi wa kijiji. Kila mwezi wanaweka walivyovipata juu ya meza ndefu, wanakunywa pombe ya matofaa, na wanapiga kura ya kitu bora. Loveday alitaka nimbebee keki. Clem Hallett alikuwepo, kwa kuwa wenye mashamba hualikwa wanywe bure.

Denzil alisimama na kugonga bilauri.

"Wapenzi wangu, leo nakula maneno yangu hadharani, tena bila chumvi. Mwezi uliopita Bi Loveday aliniletea kipande nikamwambia atie koponi. Juzi namwonyesha mkwe wangu picha, akaniita mpumbavu. Na kweli mimi ni mpumbavu! Kipenzi, njoo hapa mbele. Hilo tundu si ubovu. Hilo tundu ndilo lenyewe!"

Akaeleza yote. Mfalme, mikono miwili, utepe mweupe. Alieleza vizuri, kama mtu aliyefurahi kukosea. Alipofika kwenye ugonjwa wenyewe, "uvimbe wa shingo," sauti yake ilipungua, akajaribu kuruka kwenye habari za meli, lakini alikuwa amechelewa. Watu wote waliitazama skafu ya Loveday. Mtu mmoja aliweka bilauri chini. Loveday alicheka, akainua mkono na kujifunika shingo.

Clem Hallett hakumtazama Loveday. Alinitazama mimi, kisha akavitazama viatu vyangu.

Tulirudi nyumbani. Maji yalikuwa yanapita barabarani mahali pa chini, nami niliendesha polepole. Jikoni hakuvua koti.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu maktaba."

"Na ukaniambia kidani cha mtoto."

"Niliogopa ukijua utaacha kwenda hospitali."

Alitoa kicheko kibaya. "Kuacha? Sijaenda hata mara moja, Ambrose."

"Najua. Walipiga simu."

"Lini?"

"Juzi."

"Na nilikuuliza kama kuna mtu amepiga."

"Uliuliza."

Alivuta kiti, akakaa. "Mungu wangu. Tumelelewa vizuri, mimi na wewe." Kisha akasema, akiitazama meza, "Mara ya kwanza nilifika. Denzil alinishusha pale pale. Milango ile inajifungua yenyewe, unajua? Hata hujaigusa. Nikaiona ile kofia ya Mama. Nikageuka, nikapanda basi mpaka kwa Hallett, nikachimba vifungo. Mara ya pili sikufika hata kituoni."

"Ungeniambia. Ningeingia nawe."

"Wewe?" Alinyanyua uso. "Kwa Mistry, hatua chache kutoka kwenye gari, hukushuka. Ulikaa umeshika usukani kana kwamba gari linakwenda. Tangu Septemba unanitazama machoni tu kama polisi. Hujauliza kama unauma. Hujauliza umekuwaje. Unauchukulia kama kosa kwenye daftari la mtoto wa mtu, ukitamani ufutike."

Nilianza kusema jambo kuhusu usiri wa mgonjwa na daktari wake, nikanyamaza katikati ya sentensi. Sijawahi kufanya hivyo.

"Denzil anasema waliguswa maelfu," aliendelea. "Wananuka, wana vidonda, mfalme hawajui hata majina. Akawashika. Wewe ndugu yangu, tumbo moja, meza moja, na hujaugusa."

Alifungua skafu, akaiweka juu ya keki iliyobaki. Uzi wa kijani ulikuwa umechafuka. Uvimbe haukuwa tena yai la kware.

"Gusa."

"Loveday—"

"Kaka. Gusa."

Niligusa. Nilitegemea kitu laini, kama jipu. Kilikuwa kigumu na chenye joto, na kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana. Chini ya ngozi kiliendelea, hakikuwa na ukingo. Nilijaribu kukisogeza kwa kidole, kama nilivyomsikia daktari mmoja akieleza redioni, na hakikusogea. Kwa wiki sita nimekuwa nikiogopa kitu nilichokibuni mwenyewe. Chenyewe kilikuwa kibaya zaidi.

"Ni mkubwa," nilisema.

"Ndiyo," alisema. Mabega yake yalishuka. "Ni mkubwa. Nimekuwa nao peke yangu tangu Agosti."

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Nimepiga simu hospitali. Wamempa Jumatano. Nimemwambia kwamba nitampigia pia afisa wa vitu vya kale.

"Baada ya Jumatano," alisema.

"Sheria—"

"Nitaingia kwenye milango ile nikiwa nimekivaa, au siingii. Si kwamba naamini. Nataka tu kuwa nacho."

Nimekubali. Ni kosa, na safari hii nimelifanya macho yakiwa wazi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua kubwa. Milango inajifungua yenyewe, kama alivyosema. Nilimshika mkono juu ya kiwiko. Mabango yao yana makosa, sikuyahesabu.

Walimchoma sindano kuchukua kinyama cha kupima. Baadaye walitaka kumwingiza katika mashine kubwa ya picha, na muuguzi, binti mchangamfu mwenye nywele fupi, akasema, "Mama, metali yote tunaacha nje. Na hiyo ya shingoni."

Loveday alikunja ngumi. "Hii haitoki."

"Wote wanasema hivyo kuhusu pete zao. Nitakutunzia."

"Nimesema haitoki."

Muuguzi alinitazama. Niliinama, nikatafuta fundo la uzi nyuma ya shingo yake. Lilikuwa limekaza kwa jasho na mvua, ilinibidi nitumie kucha. Kichwa chake kilikuwa kinagonga kifua changu kidogo kidogo. Fundo lilipofunguka, alivuta pumzi kama mtu aliyetumbukia majini.

"Usiondoke," alisema.

Nilisimama nyuma ya mlango mpaka kelele za mashine zikaisha. Alipotoka, nilimnyoshea medali. Aliitazama kwa muda, kisha akanirudishia.

"Wape watu wa vitu vya kale," alisema.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Afisa wa vitu vya kale, Bi Imogen Farrant, alikuja na mizani ndogo na glavu. Clem Hallett alikuja pia, kama mwenye shamba, akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asichafue.

"Mlitambua lini kwamba si sarafu?" Bi Farrant aliuliza.

"Tarehe tatu Oktoba," nilisema.

Kalamu yake ilisimama. "Muda ulipita, Mwalimu Pettifer."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Niliogopa."

Alisubiri maelezo zaidi, hakuyapata, akaandika. Alisema atalazimika kulitaja katika taarifa yake na kwamba uamuzi si wake. Clem Hallett alikohoa. "Mie sina malalamiko," alisema. "Andika hivyo, dada. Mwenye shamba hana malalamiko." Sikutegemea hilo kutoka kwake.

Bi Farrant alipoifunga medali ndani ya mfuko mdogo, ndipo Loveday aliposema, "Yule aliyeiacha mlimani. Alipona?"

"Hatuna njia ya kujua."

"Lakini walikuwa hawaivui."

"Wengi hawakuivua, hapana."

"Basi uzi ulikatika," Loveday alisema, "au alifia pale."

Mvua ilikuwa inapiga dirishani. Clem aliitazama kofia yake kama mtu anayekumbuka kila mahali alipolima.

Jumatano, 5 Novemba

Usiku wa fataki za kila mwaka. Zilikuwa chache, zimelowa. Tulizitazama kutoka dirishani.

Jumatatu, 10 Novemba

Ni saratani. Nimeliandika neno ili nisilikwepe. Daktari wa upasuaji ni mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Alisema wataondoa watakachoweza kukiona, na kile wasichokiona watakichoma kwa mionzi baada ya Krismasi. Loveday alimuuliza kama kuna watu wanaopona.

"Wapo," alisema.

"Wengi?"

"Wapo," alisema tena. Nilimheshimu kwa kutoongeza neno.

Tulipofika kwenye gari, Loveday ndiye aliyeshika usukani. Mimi sikuweza.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua, upepo. Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko walivyotuambia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya chai. Kila mlango ulipofunguka, nilisimama. Saa kumi na moja daktari alikuja na kusema ameondoa alichokiona. Ukingo mmoja hakuridhika nao. Majibu ya ukingo huo yatachelewa.

Nilimkuta Loveday amelala, shingo imefungwa bandeji, uso mweupe, mdogo kuliko ninavyomjua. Nilikaa mpaka wakaniambia niende.

Jumamosi, 22 Novemba

Amerudi nyumbani. Muuguzi wa wilaya atakuja kila asubuhi kubadilisha bandeji. Anakula supu tu. Amenitukana kwa ajili ya supu hiyo, nami nimefurahi.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua haikukatika kutwa. Muuguzi alifika amechelewa. Amesema maji yamekaribia daraja.

Jumanne, 25 Novemba

Barabara imefungwa. Maji yamefunika daraja na uwanja wote wa chini. Kutoka dirisha la juu naona ncha za ua na kichwa cha kibao cha barabarani. Kipima mvua kimeondoka chenyewe. Clem Hallett alipita na trekta, maji yamefika nusu ya magurudumu, akatuachia maziwa, mkate na mfuko wa bandeji aliopewa na muuguzi upande wa pili.

"Anasema ufanye wewe, Mwalimu," alipaza sauti kutoka juu ya trekta. "Anasema si kazi ngumu. Uoshe mikono, usiogope damu kidogo, ukiona usaha umpigie."

"Sijawahi," nilisema.

"Na mie sikuwahi kuzalisha ng'ombe mpaka siku niliyozalisha!" Akaondoka, akinimwagia maji.

Loveday alikuwa amekaa jikoni, mgongo kwa dirisha ili nipate mwanga. Niliosha mikono kwa sabuni, mara mbili, mpaka kwenye viwiko. Nilitandaza kitambaa safi. Nilisoma maelekezo yaliyoandikwa juu ya pakiti, ambayo hayakuwa na kosa hata moja, nikatamani yangekuwa nalo ili nipate sababu ya kukawia.

"Uko wapi?" alisema. "Naona baridi."

Nilibandua bandeji ya zamani. Sitaandika jinsi kidonda kilivyo. Ni kirefu, kinaanza nyuma ya sikio na kuteremka mpaka karibu na mfupa wa bega, na mahali uvimbe ulipokuwa pamebonyea. Hakuna usaha. Hatujui kilichobaki chini yake. Majibu hayajaja, na njia ya kuyaleta imefunikwa na maji.

Niliweka vidole vyangu kando ya kidonda, nikaipapasa ngozi kama muuguzi alivyokuwa akifanya, kutafuta joto baya. Aliruka.

"Inauma?"

"Mikono yako ni barafu, mzee wewe. Utaniua kabla ya saratani."

Nikaiweka mikono yote miwili juu ya birika la chai mpaka ikapata moto, kisha nikarudi, nikaanza upya.